Kucheza gofu ya linksi kando ya bahari: mwongozo kwa mchezaji wa Mwanza

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mchezaji wa gofu wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria ambaye anajiandaa kwenda kucheza, kwa mara ya kwanza, kwenye kiwanja cha linksi kando ya bahari, hususan kule Scotland ambako mchezo huu ulikulia. Mchezaji wa namna hiyo huwa ameshafundishwa kupiga mpira juu, uende moja kwa moja hadi kwenye grini, lile eneo la nyasi fupi lenye shimo na bendera, na utulie palepale ulipoangukia. Mafundisho hayo yanafaa kwenye nyasi zetu nene na ardhi yenye unyevu. Kwenye linksi yanamwangusha mtu, kwa sababu hewa ya pale si yake. Ni ya upepo. Jambo la msingi nitakalolirudia kwa njia mbalimbali ni kwamba mpira wa linksi huchezwa chini, na kwamba sisi tunaokaa kando ya ziwa tunazo karibu nyenzo zote za kujifunza jambo hilo kabla hatujapanda ndege.

Hatua ya kwanza: ijue ardhi utakayoikanyaga

Si kila uwanja ulio karibu na maji ni linksi. Uwanja wa Entebbe unalitazama ziwa letu hilihili, ule wa Mombasa wenye mashimo tisa umekaa kando kabisa ya bahari, na wa Gymkhana jijini Dar es Salaam hauko mbali na Bahari ya Hindi, lakini hakuna kati ya hivyo ulio linksi kwa maana yake halisi. Linksi ni ule ukanda wa mchanga ulio kati ya ufuko na mashamba, ardhi yenye matuta na vibonde vilivyofinyangwa na upepo, ambayo haikufaa kwa kilimo na kwa hiyo ikaachiwa kondoo, sungura na wacheza gofu. Neno lenyewe limetokana na neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha mwinuko wa ardhi. Hakuna mtu aliyekaa akachora vilima vile. Ndiyo maana mpira uliopigwa vizuri katikati ya fewei, ile njia ya nyasi zilizokatwa kuelekea grini, unaweza kugonga kichuguu kidogo ukatupwa pembeni, na mpira uliopigwa vibaya ukarudishwa mahali pazuri, na mchezaji anatakiwa kuyapokea yote mawili kwa uso uleule.

Mchanga hunyonya maji upesi. Hata baada ya mvua ya usiku kucha, asubuhi ardhi huwa imekauka na kukaza, na nyasi zake ni nyembamba, fupi, zilizobana. Mpira ukianguka hapo hausimami. Unadunda, unakimbia, unafuata mteremko, na mara nyingi unasafiri hatua 20 au 30 zaidi baada ya kugusa chini. Mtu wa Mwanza anaweza kuielewa hali hii akikumbuka uwanja wa mpira wa miguu wa mtaani mwezi Agosti, wakati kiangazi kimeukausha udongo hata mpira ukipigwa pasi ndefu unatoka nje kabla winga hajaufikia. Hivyo ndivyo fewei ya linksi inavyokuwa, isipokuwa yenyewe ina majani.

Linksi pia haina miti, au inayo michache mno, na hilo linampotosha macho mgeni. Bila mti wa kupimia umbali, bendera iliyo mbali huonekana karibu, na kibonde kilicho mbele ya grini hufichika kabisa. Amini namba zilizoandikwa kwenye kijitabu cha uwanja kuliko macho yako.

Hatua ya pili: hesabu upya umbali wa kila fimbo

Hapa ndipo wachezaji wengi wa ukanda wetu hukosea, na hukosea kwa sababu hawajaambiwa. Mwanza iko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, na mpira hupaa mbali zaidi kuliko pale ufukweni mwa bahari. Kwa makadirio yanayotumiwa na wachezaji wengi, tofauti hiyo ni kama asilimia nne. Ongeza baridi. Kule St Andrews, mji wa Scotland wenye linksi ya kale, hata katikati ya kiangazi chao, mwezi Julai, joto la mchana mara nyingi halifiki nyuzi 20, na hewa ya baridi ni nzito, mpira wenyewe hukakamaa, na mwili uliovaa sweta mbili hauzunguki kama ulivyozoea.

Chukua mfano wa mchezaji ambaye fimbo yake ya chuma namba 7 inampeleka yadi 150 hapa Mwanza. Akishuka hadi usawa wa bahari abaki na yadi 144 hivi, na baridi ikimnyang'anya nyingine nne au tano, anajikuta na yadi 140 kabla upepo haujasema neno lake. Kwa hiyo, wiki chache kabla ya safari, piga kila fimbo mipira isiyopungua kumi, andika umbali ambao mpira unatua, usiuandike ule unaofikia baada ya kukimbia, kisha toa asilimia sita au saba. Orodha hiyo mpya iandike kwenye kipande cha karatasi ngumu na ukikariri kama unavyokariri namba yako ya simu. Ukifika kule ukaitegemea orodha ya nyumbani, kila mpira wako utaangukia kwenye bunka, yaani shimo la mchanga, la mbele ya grini, nawe utadhani unapiga vibaya wakati ulikosea hesabu tu.

Hatua ya tatu: jifunze kuusoma upepo hapahapa ziwani

Nimetumia asubuhi nyingi pale Igombe nikitazama jinsi watu wanaoishi kwa upepo wanavyoutazama, na nakiri kwamba nimejifunza kwao zaidi kuliko nilivyojifunza kwenye masomo ya gofu. Mvuvi wa dagaa anayerudi alfajiri hauchunguzi upepo mahali aliposimama pekee. Anatazama maji ya mbali yanapobadilika rangi, anatazama moshi wa jiko la mama anayekaanga samaki, anatazama tanga la mtumbwi ulio nusu ya njia. Anataka kujua upepo uliopo hapa, uliopo njiani, na uliopo kule anakokwenda. Mchezaji wa linksi ana maswali hayohayo matatu. Kurusha majani kidogo hewani, kama tunavyofanya sote, kunajibu swali la kwanza tu. Kwa mawili yaliyobaki, tazama bendera ya shimo unaloliendea, kisha bendera za mashimo ya jirani, kisha majani marefu juu ya matuta, kwa sababu mpira wako utapita juu ya tuta lile ambalo wewe umejificha nyuma yake.

Ziwa letu lina ratiba yake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani hadi asubuhi; jua likishapanda na ardhi ikapata moto, hewa ya juu ya nchi kavu hupanda na ile ya ziwani huja kujaza nafasi, ndipo tunapopata upepo wa mchana unaoingia kutoka majini. Bahari nayo ina mwenendo kama huo, na wenyeji wa linksi nyingi watakuambia kwamba upepo hugeuka wakati maji yanapokupwa au kujaa. Fanya zoezi hili kwa siku saba: simama mahali pamoja penye uwazi saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, tabiri upande na nguvu ya upepo kabla ya kutupa jani, kisha pima. Baada ya juma moja utakuwa unausikia upepo kwenye sikio na shavu kabla hujautafuta kwa macho.

Sasa hesabu yake. Upepo wa uso kwa uso huumiza zaidi kuliko upepo wa mgongoni unavyosaidia. Kanuni ya wachezaji wengi ni kwamba upepo wa kilomita 16 kwa saa ukija usoni hupunguza umbali kwa asilimia kumi hivi, na upepo huohuo ukitoka nyuma huongeza kama asilimia tano tu. Yule mchezaji wetu wa yadi 140 sasa amebaki na yadi 126. Pale alipozoea kuchukua namba 7, anahitaji namba 5, na upepo ukizidi atahitaji hata namba 4. Wengi huona aibu kuchukua fimbo ndefu mbele ya wenzao, nao badala yake huipiga ileile fupi kwa nguvu zote. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote kwenye linksi, kwa kuwa kadiri unavyopiga kwa nguvu ndivyo mpira unavyojizungusha kwa kasi kinyumenyume, na mzunguko huo, ukikutana na upepo wa mbele, huunyanyua mpira juu kama tiara, ukasimama angani na kuanguka karibu na miguu yako.

Upepo wa ubavuni uache ukufanyie kazi. Lenga pembeni ya bendera upande unaotoka upepo na uuache uusukume mpira kuelekea katikati. Kujaribu kuupinda mpira ili upambane na upepo ni ufundi wa wachache, na hata hao wachache hupima kwanza.

Hatua ya nne: mkwaju wa chini

Kama una muda wa kujifunza jambo moja tu kabla ya safari, jifunze hili. Maelezo yafuatayo ni ya mchezaji anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

Chukua fimbo iliyo ndefu kwa namba mbili kuliko umbali unavyodai. Ishike chini kidogo, vidole viwili hivi kutoka juu ya mpini, ili iwe fupi na itulie mkononi. Sogeza mpira nyuma, kiasi cha upana wa mpira mmoja au miwili kuelekea mguu wa kulia kutoka mahali pake pa kawaida, huku mikono ikiwa mbele ya mpira kiasi kwamba mpini unaegemea paja la kushoto. Uzito wa mwili uelemee kidogo mguu wa kushoto na ukae hukohuko mwanzo hadi mwisho. Nyanyua fimbo hadi mikono ifike kimo cha bega, isizidi, kisha piga kwa mwendo uleule wa utulivu na umalizie chini, kichwa cha fimbo kikielekea kwenye shabaha badala ya kuzunguka shingo. Mpira utatoka chini, utapita chini ya upepo, na ukigusa ardhi utakimbia.

Zoezi lake ni rahisi. Tafuta uwanja wa wazi wenye ardhi ngumu, ukiwa umeomba ruhusa kwa uongozi wa shule au serikali ya mtaa, na uhakikishe hakuna watoto wala mifugo upande unaopigia. Funga kamba kati ya vijiti viwili kwa kimo cha mita mbili, simama hatua 15 nyuma yake, na upige ukijitahidi mpira upite chini ya kamba. Anza na namba 8, kisha 6, kisha 4. Fanya hivyo saa za mchana upepo unapoingia kutoka ziwani, ukiutazama uso kwa uso. Usipige kuelekea majini. Mpira wa gofu hauozi, na hapo ziwani kuna nyavu za watu. Vilevile usikae ufukweni jua likizama, maana huo ndio wakati viboko wanapotoka kula majani, na hakuna zoezi linalostahili hatari hiyo. Mawingu ya radi yakijikusanya juu ya ziwa, ambalo ni kati ya maeneo yenye radi nyingi duniani, weka fimbo chini uingie ndani. Kanuni za gofu zenyewe zinamruhusu mchezaji kusimamisha mchezo kwa hofu ya radi bila kungoja aambiwe.

Hatua ya tano: kuifikia grini kwa njia ya ardhini

Grini za linksi ni pana, zimekakamaa, na mara nyingi mbele yake kuna mlango ulio wazi usio na bunka. Mlango huo haukuachwa kwa bahati. Ndiyo njia yako. Mpira unaotua hatua 20 kabla ya grini ukakimbia hadi kwenye bendera una nafasi nzuri kuliko ule unaoangushwa juu ya grini ukadunda na kupotelea nyuma. Mwaka 2009 pale Turnberry, Tom Watson, aliyekuwa na umri wa miaka 59 na aliyekwisha kulitwaa taji la The Open, michuano mikubwa ya gofu ya Uingereza, mara tano, alihitaji paa, yaani idadi ya mikwaju iliyowekewa shimo, kwenye shimo la mwisho ili alitwae mara ya sita. Mpira wake wa namba 8 ulipigwa vizuri kabisa, ukaangukia kwenye grini, ukakimbia ukatoka nyuma. Aliukosa ushindi, na katika mashimo ya nyongeza Stewart Cink akamshinda. Ikiwa ardhi ile iliweza kumfanyia hivyo mtu aliyeijua kuliko karibu kila mchezaji wa zama zake, mgeni hana budi kuiheshimu.

Ukiwa nje ya grini kwa hatua chache, mfuate mzee yeyote wa kule utaona anachukua pata, fimbo ya kubingirisha mpira. Nyasi fupi hazimzuii. Sisi tunaona kutumia pata nje ya grini ni woga. Wao wanaona ni akili, nami nakubaliana nao. Utaratibu mwema ni huu: ikiwa mpira unaweza kubingirishwa, tumia pata, ikiwa kuna kipande kidogo cha majani marefu mbele, tumia namba 7 kwa mwendo uleule wa pata, mpira uruke kidogo na kubingirika sehemu kubwa iliyobaki, weji, fimbo ya kuurusha mpira juu, iwe chaguo la mwisho, kwa kuwa ardhi ile ngumu huurudisha ukingo wa chini wa fimbo na mpira hupigwa tumboni ukavuka grini nzima. Zoezi la pata ndefu lifanye kwenye ardhi kavu isiyo sawasawa, kuanzia hatua 30, ukilenga beseni lililolazwa. Usijali sana kama mpira hauingii. Jali kama umesimama ndani ya hatua mbili.

Kwenye grini penyewe, simama ukiwa umepanua miguu kuliko kawaida na kuinama zaidi, kwani upepo hutikisa mwili na pia hugeuza njia ya mpira. Na ukumbuke kanuni moja ambayo huleta ubishi: kama umekwisha kuunyanyua mpira wako kwenye grini na kuurudisha, kisha upepo ukausogeza, unaurudisha mahali pake bila adhabu, kama hujaunyanyua na upepo ukausogeza, unauchezea pale ulipofikia.

Hatua ya sita: mabunka

Hili ni jambo la kulikalia, kwa sababu bunka la linksi si lile sinia la mchanga tulilolizoea. Ni shimo lenye kuta, dogo, refu kwenda chini, mara nyingi kuta zake zimejengwa kwa matofali ya udongo wenye majani yaliyopangwa kama ngazi. Upepo na mteremko huuvuta mpira hadi ndani, hivyo ukubwa wa bunka usiupime kwa mdomo wake. Upime kwa bonde lote linaloelekea humo. Uwanja wa kale wa St Andrews una mabunka 112, na mengine hayaonekani unaposimama kwenye tii, pale unapoanzia shimo.

Mwaka 1995 Jack Nicklaus, aliyekwisha kutwaa The Open mara tatu, mbili kati ya hizo zikiwa hapohapo St Andrews, aliingia kwenye bunka kubwa la shimo la 14, lile wanaloliita la Jehanamu, akatumia mikwaju minne kutoka, na akamaliza shimo kwa mikwaju 10. Mwaka 1978 Tommy Nakajima alikuwa amekwisha kufika kwenye grini ya shimo la 17. Mpira wake wa pata ukateremka ukaingia kwenye bunka la kando, na akaondoka na mikwaju 9. Kinyume chake, mwaka 2000 Tiger Woods alicheza mizunguko yote minne pale bila kuingia bunka hata moja, na akashinda kwa mikwaju 19 chini ya paa. Hakuwa na dawa ya mchanga. Alikuwa na mpango wa kupitia pembeni yake.

Kwa hiyo kazi ya bunka huanzia kwenye tii. Tambua bunka lililo kwenye umbali wako wa kawaida, kisha chagua fimbo isiyoweza kulifikia hata mpira ukikimbia, au inayolivuka kwa usalama wa hatua 20. Pale Hoylake mwaka 2006, ardhi ikiwa imekauka na kugeuka kahawia, huyohuyo Woods alitumia draiva, fimbo ya kupigia mbali zaidi, mara moja tu katika siku nne, akapiga vyuma virefu vilivyosimama kabla ya mabunka, na akashinda. Mchezaji wa kawaida mwenye handikapu ya 18, yaani anayezidisha paa kwa mikwaju 18 hivi kwa mzunguko, angefaidika kuiacha draiva kwenye mfuko zaidi ya nusu ya mashimo.

Ukishaingia, angalia ukuta kwanza, bendera baadaye. Jiulize swali moja: je, mpira wangu utauvuka ukuta huu kwa uhakika? Kama jibu si ndiyo ya haraka, geuka ucheze pembeni, au nyuma ulikotoka. Hakuna aibu ndani yake. Ukiamua kupiga, fungua uso wa weji hadi karibu utazame angani, zamisha miguu kwenye mchanga, nyanyua fimbo wima upesi, na upige mchanga upana wa vidole viwili nyuma ya mpira kwa nguvu zisizositasita. Usiguse mchanga na fimbo kabla ya kupiga, wala kwa zoezi wala nyuma ya mpira. Hiyo ni adhabu. Na kama mpira umebanana na ukuta kabisa, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2019 zinakupa njia: kwa adhabu ya mkwaju mmoja unaweza kuudondosha mahali pengine ndani ya bunka, na kwa adhabu ya mikwaju miwili unaweza kuudondosha nje, nyuma ya bunka, kwenye mstari unaotoka kwenye bendera kupitia mpira ulipokuwa. Mikwaju miwili ni mingi, lakini Nicklaus alitumia minne.

Hatua ya saba: majani marefu, vichaka na mpira uliopotea

Pembeni mwa fewei kuna majani yanayofika magotini, na vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano ambavyo havimrudishii mtu mpira wala suruali. Muda wa kuutafuta mpira ni dakika tatu, si tano kama zamani. Kila unapohisi mpira huenda umepotea, tangaza na upige mpira wa akiba kabla ya kwenda kutafuta, ili usije ukarudi kwenye tii huku kundi la nyuma likikusubiri. Mpira ukipatikana kwenye majani marefu, chukua weji yenye uso ulio wazi zaidi, kaza mkono wa kushoto kwa sababu majani huikamata shingo ya fimbo na kuigeuza, na uupeleke fewei kwa njia fupi kuliko zote.

Hatua ya nane: siku yenyewe

Vaa matabaka, na koti la mvua liwe mfukoni hata jua likiwaka. Beba glovu tatu, kofia ya sufu na taulo ya ziada. Mipira nayo iwe mingi kuliko unavyodhani utahitaji. Fimbo zisizidi 14, na kati ya hizo ningeacha weji moja nyumbani nikabeba chuma kirefu mahali pake.

Ajiri kedi. Sisi tumezoea kutembea na kedi, na pengine tumezoea vibaya, kwa maana tunamwona kama mbebaji wa mfuko. Kwenye linksi kedi ni macho yako. Kuna mashimo ambayo hutaiona fewei kabisa, na yeye atakuonyesha mnara wa kanisa au paa la hoteli akuambie upige huko. Piga huko. Akisema namba 5 wakati moyo wako unasema namba 7, chukua namba 5.

Mashimo mengi ya linksi za kale hupangwa kwenda na kurudi: tisa yanaondoka nyumbani, tisa yanarejea. Upepo ukiwa mgongoni mashimo ya kwanza, furaha isikuzidi, kwa sababu utaulipa wakati wa kurudi. Weka lengo lako kwa kila sehemu kando. Mwenye kawaida ya kuongeza mkwaju mmoja kwa kila shimo ajiruhusu miwili kwenye mashimo yanayokabili upepo, na asihesabu kuwa ameharibu. Umbali mfupi nao usikudanganye. Shimo la nane pale Royal Troon lina yadi 123 tu, nalo limewaliza mabingwa, kwa vile grini yake ni ndogo, imezungukwa na mabunka yenye kuta, na upepo hupita juu yake unavyotaka.

Pale St Andrews, shimo la 17 ndilo gumu kuliko mengine: mpira wa kwanza hupita juu ya kona ya majengo ya hoteli, na nyuma ya grini kuna barabara na ukuta wa mawe, navyo vyote huchezwa kama vilivyo. Mchezaji wa kawaida acheze kulia mwa bunka, afike mbele ya grini kwa mikwaju mitatu, na aridhike na mitano. Kisha utavuka daraja dogo la mawe la Swilcan, ambalo kila mtu hupigia picha. Piga yako upesi, watu wako nyuma. Mbele ya grini ya 18 kuna bonde linaloitwa Bonde la Dhambi. Hapo ndipo mwaka 1995 Costantino Rocca alipotaka kuuinua mpira kwa fimbo, ukamrudia miguuni, kisha akachukua pata, akaupitisha mpira ndani ya bonde lote hadi shimoni na kuilazimisha michuano iende kwenye mashimo ya nyongeza. Mpira wako ukisimama pale chini, anza na pata.